Miaka 29 Rabai: Saburi ya Waliotutangulia

Tunaposimulia mwanzo wa Injili katika Afrika Mashariki, twapenda kusimulia safari. Tunamtaja Johannes Rebmann, aliyeuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba kileleni mna theluji, na wasomi wa London wakambeza kwa miaka mingi. Safari ile ilikuwa ya majuma machache tu. Jambo tunalolitaja kwa nadra ni kwamba mtu huyo huyo alikaa Rabai, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1846 hadi 1875, miaka 29, bila kurudi kwao Ujerumani hata mara moja. Safari yake imeingia katika vitabu vya shule. Kukaa kwake ndiko kunakolihusu Kanisa.

Aliyemtangulia ni Johann Ludwig Krapf. Wote wawili walikuwa Walutheri wa Württemberg, waliosomea utume Basel na kutumwa na chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosina alifariki baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Hata hivyo hakufunga mizigo. Alirudi mezani, akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Miaka miwili baadaye Rebmann alimfuata, nao wakahamia Rabai kwa Wamijikenda, ambao wageni wa siku zile waliwaita Wanyika. Walijenga, wakafundisha, wakatembea kijiji hadi kijiji. Watu waliwasikiliza kwa adabu, kisha wakarudi mashambani mwao. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyepokea ubatizo akiwa mahututi na kufariki muda mfupi baadaye. Hebu tuwaze jinsi taarifa ile ilivyosomeka kwa wale waliotoa fedha huko Ulaya: miaka ya kazi, makaburi ya wapendwa, na Mkristo mmoja, naye amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Mwaka 1866 alimzika mkewe Emma. Macho yake yakaanza kufifia. Siku hata siku alikusanya maneno: ya Wamijikenda, ya Kiswahili, na hata ya watu wa upande wa Ziwa Nyasa, aliyojifunza kwa mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa, akiacha nyuma yake kikundi kidogo tu cha Wakristo. Mwaka uliofuata alifariki. Kamusi yake ya lugha ya Nyasa ilitoka baada ya kifo chake. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf nayo ilichapishwa mwaka 1882, mwenyewe akiwa kaburini.

Kwa hesabu ya kibiashara, kazi hiyo ilikuwa hasara. Lakini tutazame mbele kidogo. Mwaka 1849 Rebmann alifika Machame mara ya mwisho, akanyang'anywa mali, akarudi pwani mikono mitupu. Mwaka 1893, miaka 44 baadaye, wamisionari wa Leipzig walianza kazi huko huko Machame. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Rebmann hakuona hata moja la mambo hayo. Ndivyo Waebrania sura ya 11 inavyowaeleza mashujaa wa imani: walikufa wakiwa wameziona ahadi kwa mbali tu.

Biblia yetu ya Kiswahili inatumia maneno mawili hapa, saburi na uvumilivu. Nyuma ya saburi mara nyingi lipo neno la Kiyunani hupomone, yaani kubaki chini ya mzigo bila kuukimbia. Anayebaki hivyo hajalala. Mkulima wa Yakobo 5 anangoja mvua, lakini amekwisha kulima na kupanda. Rebmann alingoja Bwana afungue mlango, na wakati akingoja alikuwa akiandika maneno ambayo wengine wangeyatumia kuhubiri.

Hapa tunahitaji tahadhari, maana neno saburi limewahi kutumika kuwanyamazisha wanyonge. Miaka ile ile Rebmann alipokuwa anazeeka Rabai, watumwa walikuwa wakiuzwa pwani yetu. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1875 kijiji cha Freretown kilianzishwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya watu waliowekwa huru. Kanisa halikutumwa kuwaambia wale waliofungwa minyororo wavumilie. Vivyo hivyo leo, mama anayepigwa nyumbani au mjane aliyeporwa shamba asiambiwe na mzee wa kanisa avute subira. Yule mjane wa Luka 18 alivumilia kwa kurudi kila siku mlangoni kwa kadhi kudai haki yake. Tuwe na saburi na Mungu na kazi yake. Dhuluma tusiizoee.

Sasa tujitazame. Tunatuma fedha kwa simu, nazo zinafika kabla hatujakaa chini, na moyo unaanza kudhani kwamba maombi nayo yaende hivyo. Mabango yanatuahidi muujiza wa siku tatu. Wazazi wanauliza kama kipaimara cha miaka miwili hakiwezi kufupishwa, mtoto apate cheti mapema. Mwinjilisti wa mtaa mdogo anapimwa kwa sadaka ya robo mwaka, na akipungukiwa anaambiwa kwamba hana upako. Kwa kipimo hicho tungemfukuza Rebmann kabla ya mwaka wa tatu.

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee wetu. Sisi tunaongeza kwamba saburi inajifunzwa kwa vitendo vidogo: kumwombea mtu mmoja mwaka mzima bila kumtangaza, kusoma kitabu kimoja cha Biblia hadi mwisho, kukaa na mgonjwa ambaye haponi, kuwapa watoto wa kipaimara miaka yao miwili yote. Na tunapowaombea viongozi wetu, tumwombe pia Bwana awape wale walioko katika mitaa midogo nguvu ya kubaki, na atupe sisi imani ya kuendelea kuwategemeza hata taarifa ya mwaka ikisema: mbatizwa mmoja.