Atlanta: Mji Uliojengwa na Njia

Mji wa Atlanta, katika majimbo ya Kusini ya Marekani, ulizaliwa na reli. Mwaka 1837 palichaguliwa mahali ambapo njia ya reli ingekomea, pakaitwa Terminus, yaani kikomo. Mwaka 1864 majeshi ya Kaskazini yaliteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Reli zikajengwa upya, nao ukafufuka.

Hata hivyo, neema ya kukua haikuwafikia wakazi wote sawasawa. Baada ya watu weusi kushambuliwa na kuuawa mwaka 1906, biashara zao nyingi zilihamia barabara ya Auburn. Huko Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani, aliendesha kampuni ya bima. Huko pia alizaliwa Martin Luther King mwaka 1929. Ubaguzi uliwabana, nao wakajenga mji ndani ya mji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, barabara kuu ya magari ilikatiza mtaa huo. Nyumba zilibomolewa, majirani wakatenganishwa. Aliyehamia vitongojini alifika mjini upesi. Aliyebaki Auburn aliachiwa kelele na kivuli cha daraja. Mwaka 1971 wapiga kura wa wilaya ya Clayton walikataa kujiunga na usafiri wa umma wa Atlanta. Walikubali mwaka 2014. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, asiye na gari alitaabika kuifuata kazi iliyokuwa huko.

Basi, tusomapo historia ya mji unaokua, tusihesabu maghorofa tu. Tuulize: njia hii imepita juu ya nyumba ya nani, na inamfikisha nani?