Sheria Iliyochelewesha Mabasi

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini, msomaji mpenzi, ukiitazama historia ya jimbo la California, huko Marekani, utaona kwamba kila moja ina haki yake.

Katika miaka ya 1950 barabara kuu zilijengwa huko kwa pupa. Mjini Oakland, barabara ya juu iitwayo Cypress, iliyofunguliwa mwaka 1957, ilipasua katikati mtaa uliokaliwa na Wamarekani Weusi wengi, na nyumba nyingi zikabomolewa. Katika mji jirani wa San Francisco raia walipiga kelele, hata mwaka 1959 baraza la mji likakataa barabara saba kati ya kumi zilizokusudiwa.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba mwaka 1970 Gavana Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kulinda mazingira. Kabla ya kuanza kazi kubwa, serikali ililazimika kuchunguza madhara yake, kuyatangaza, na kusikiliza maoni ya watu. Raia asiyeridhika aliweza kwenda mahakamani.

Nia ilikuwa njema, lakini kipimo kimoja kilikuwa na kasoro. Kuchelewa kwa motokaa njiani kulihesabiwa kuwa ni madhara kwa mazingira. Fikiri jambo hilo. Sehemu ya barabara ikitengwa iwe ya mabasi peke yake, motokaa hupungukiwa na nafasi. Ingawa basi moja hubeba abiria wa motokaa nyingi, na moshi hupungua, karatasi za uchunguzi ziliandika kwamba mazingira yamedhurika!

Mwaka 2003 wapiga kura wa San Francisco waliidhinisha kodi ambayo, pamoja na mambo mengine, ingegharimia njia ya mabasi katika barabara ya Van Ness, yenye urefu wa kilometa 3 hivi. Uchunguzi ulikamilika mwaka 2013, na mabasi yakaanza kupita Aprili 2022. Si haki kuutupia uchunguzi lawama yote, kwa maana mabomba ya kale yaliyozikwa chini ya barabara yaliwachelewesha mafundi pia. Hata hivyo, miaka kumi ilikwisha kabla sururu haijagusa ardhi.

Hatimaye sheria ilirekebishwa. Iliamuliwa mwaka 2013 kwamba kipimo kile kibadilishwe, na tangu Julai 2020 California nzima hupima umbali ambao motokaa zitaendeshwa, wala si kuchelewa kwake. Mwaka huo huo wa 2020, mswada wa Seneta Scott Wiener uliokubaliwa uliziondolea uchunguzi huo kazi kadhaa za usafiri wa umma. Mwaka 2022 muda wake ukaongezwa. Lakini masharti yaliwekwa: nyumba za watu wa kipato kidogo zisibomolewe, na kazi izidiyo dola milioni 100 ijadiliwe kwanza katika mikutano ya hadhara. Mtaa uliopasuliwa Oakland haukusahauliwa.

Kenya nasi tuna sheria ya kuchunguza mazingira tangu mwaka 1999. Siku moja baadhi yenu mtaketi katika mabaraza yatakayoamua njia za reli na za mabasi. Mtakapoambiwa kwamba uchunguzi umekamilika, au kwamba hauhitajiwi, ulizeni kwanza: ni nini kilichopimwa, na ni nani aliyesikilizwa?