Kasha la Doti na Mfuko wa Viraka

Kuna watu wanaoingia dukani kununua kitambaa cha gauni, na kuna sisi tunaoingia kwa sababu tumeona rangi. Hatujui kitashonwa nini wala lini. Tunalipa, tunakikunja, tunakiweka chini ya vingine, na wiki ijayo tunapita tena duka lile lile kuangalia tu. Nyumbani wanauita ubadhirifu. Mimi nauita uraibu, tena wenye nasaba ndefu, maana haukuanza na sisi wala hautaishia kwetu. Nimeutazama katika sehemu tatu: mwambao wetu, kijiji cha Gee's Bend katika jimbo la Alabama kule Marekani, na vijiji vya Wasiddi katika jimbo la Karnataka nchini India. Mapenzi ya kitambaa nimeyakuta kote. Kinachotofautiana ni mkasi. Wa huko hukusanya ili wakate, na sisi hukusanya tukiomba kisikatwe.

Tuanze na kasha la mama. Doti za kanga zimepangwa moja juu ya nyingine, harufu ya udi imezikolea, na baadhi hazijatenganishwa tangu zilipotoka dukani: vipande viwili bado vimeshikana, havijapindwa, gundi ya kiwandani ingali ndani yake. Kuna kisutu cha harusi yake, chekundu, cheusi na cheupe. Kuna aliyoletewa alipojifungua kitinda mimba, kuna ya sare ya arusi ya binti wa jirani, kuna aliyopewa na wifi yake siku walipopatana. Hawezi kuzivaa zote hata akibadilisha asubuhi na jioni. Hata hivyo, akisikia toleo jipya limeingia mjini, anauliza jina kwanza, bei baadaye.

Jina ndilo linalouzuia mkasi. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji kuna maneno, ndiyo jina lake. Yakate maneno hayo uone. Iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati" ukiipasua katikati, upande mmoja unabaki na manung'uniko na upande wa pili na kiburi, na mwenye kusema hayupo tena. Kitenge hakina shida hiyo. Fundi anakiweka mezani na kukikata apendavyo. Kwa kanga mkono unasita. Ndiyo maana mkusanyaji wa mwambao ni mtunzaji wa vitu vizima. Akigawa, hugawa doti: kipande kimoja chake, kingine cha dada au shoga yake, na wote wawili wanabaki na pindo kamili na maneno kamili.

Lakini kanga yenyewe ilizaliwa na mkasi na sindano. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mkononi zenye nakshi, zilizouzwa zikiwa bado zimeungana katika jora. Walichukua leso sita, wakazikata tatu tatu, wakaziunganisha kwa urefu, wakapata vazi moja la kujifunga ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifikiria. Mshono ulipita katikati ya vazi na hawakuuonea haya. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima nzima, na mshono ukatoweka. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na kujulikana kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", ni moja ya yaliyoikuza biashara hiyo. Basi sisi tulikuwa waungaji wa vipande kabla ya kuwa watunzaji wa doti. Tuliacha kuunga pale soko lilipotuletea kilichokwisha kuungwa.

Kabla ya kanga watu wa hali ya chini walivaa merikani na kaniki. Merikani ilitoka viwanda vya kaskazini mwa Marekani ikaletwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem. Kufikia mwaka 1837 Marekani ilikuwa na konseli wake Unguja. Viwanda hivyo vilifuma pamba iliyolimwa na kuchumwa na watumwa katika majimbo ya kusini, Alabama likiwa mojawapo. Nguo hiyo ilipofika kwetu, ilivaliwa na watumwa wa Unguja na wa pwani. Kwa hiyo mtumwa wa upande mmoja wa dunia alichuma pamba, na mtumwa wa upande wa pili akajifunga. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha merikani na kukimbilia kanga zenye rangi, kwa kuwa kitambaa cheupe kisicho na nakshi kilikuwa kimewakaa mwilini kama alama ya bwana. Mapenzi yetu ya doti yana mzizi hapo, katika haki ya kuchagua rangi.

Wachumaji wa pamba hawakupewa nafasi hiyo ya kuchagua. Gee's Bend imekaa ndani ya kona ya mto Alabama, maji yameizunguka pande tatu. Joseph Gee alifungua shamba la pamba hapo mwaka 1816. Baadaye likaangukia mikononi mwa Mark Pettway, na mpaka leo wakazi wengi wa kijiji wanaitwa Pettway, jina la aliyewamiliki mababu zao. Baada ya utumwa waliendelea kulima ardhi isiyo yao na kugawana mavuno na mwenye nayo. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na baridi ya Januari ya huko haina mzaha. Wanawake walikusanya kila kilichochakaa: mashati, ovaroli, magunia ya pamba, magauni yaliyopauka. Wakayaunga kuwa mifarishi ya kulalia na kujifunika, minne au mitano juu ya kitanda kimoja, wakati mwingine na mingine ya kuziba upepo ukutani.

Mfarishi mmoja wa huko haunitoki akilini. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Akazichukua nguo zake za kazi, akazikata, akashona mfarishi wa vipande virefu na vya mraba, akisaidiwa na binti yake Arlonzia. Ukiutazama unaona buluu iliyofifia kwa jua na kufuliwa, kijivu, rangi ya gunia, na kidogo sana cha rangi nyingine. Baadhi ya mahali kitambaa kimekolea kuliko pembeni yake, kwa kuwa palikuwa na mfuko au kiraka kilichobanduliwa. Ni nguo za mtu aliyeinama juu ya udongo wa watu miaka yote. Mjane alikusudia kumkumbuka na kujifunika kwa nguo zake. Sisi tungezigawa nguo za marehemu, na ni jambo jema, lakini zikishagawiwa zinakwenda kila moja na njia yake. Yeye alizikusanya zote akazishika pamoja kwa uzi.

Mkasi ule haukuharibu kitu. Kanga inamkumbuka aliyeitoa kwa maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, mtunzi wa majina asiyemjua. Mfarishi wa Missouri Pettway hauna neno hata moja, na bado unajulisha urefu wa mguu wa mumewe, goti lililotoboka kwanza, na upande wa mfuko aliokuwa akiutumia.

Historia iliyofuata ni ndefu, nitaipitia haraka. Mwaka 1962 kivuko cha kuelekea mji wa Camden kiliondolewa, wakati watu wa Gee's Bend walipokuwa wakianza kudai haki ya kupiga kura. Hakikurudi mpaka 2006. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wao wa ushonaji, Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika ulipata kandarasi ya kampuni ya Sears ya kushona foronya za kodrai, kitambaa kile kizito chenye mifereji. Mabaki yaliingia majumbani kwa mafurushi, na mifarishi ya miaka hiyo ghafla ikawaka rangi ya dhahabu, ya chungwa, ya majani na nyekundu. Uraibu una tabia hiyo: hukaa kimya muda mrefu ukila buluu na kijivu, ukipata rangi unachanua kwa mwezi mmoja. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji ilioneshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston kisha ya Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu.

Wakati huohuo Marekani ya watu wenye nafasi ilikuwa imeingia uraibu wa namna nyingine. Kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu cha gurudumu mwaka 1979, kukata kukawa kwepesi, maduka ya vitambaa vya mifarishi yakaongezeka, na leo kuna nyumba zenye chumba kizima cha rafu za vitambaa vilivyopangwa kwa rangi, vingi havitaguswa na sindano maisha ya mwenyewe. Siwacheki. Mwanamke yule wa rafu na mama wa Pangani mwenye kasha wangeelewana siku hiyo hiyo wakikutanishwa. Wote wawili wananunua kitambaa pamoja na siku itakayokuja, siku ya harusi ama siku ya nafasi.

Wasiddi wanahitaji utulivu zaidi, kwa sababu wao ni ndugu zetu wa mbali. Wanaishi katika misitu ya milima ya magharibi ya India, na asili yao ni Waafrika waliovushwa bahari, wengi wakipelekwa Goa na Wareno kuanzia karne ya 16. Baadhi walitoroka mabwana wakakimbilia msituni. Leo wapo Wahindu, Waislamu na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi, na namna wanavyoshona haifanani na ya Alabama hata kidogo.

Alabama huunga kwanza uso wa mfarishi, kipande kwa kipande, ndipo huweka pamba katikati na kitambaa chini, na kuvishona vyote pamoja. Msiddi anatandaza sari kuukuu chini. Anaanza pembeni, kwenye kona. Anachukua kipande, anakunja ukingo wake ndani kwa kidole, anakibandika, na kupiga bandi ya mkono papo hapo mpaka ichome safu zote. Kipande kinachofuata kinapanda juu ya ukingo wa kile kilichotangulia. Anazunguka hivyo kutoka nje kuelekea ndani, mzunguko baada ya mzunguko, bandi zikifuatana kama mawimbi madogo, mpaka afunge katikati. Kuunga na kushindilia ni kitendo kimoja. Hakuna mchoro uliopigwa, hakuna rula. Na kona nne za kawandi sharti zipate phula, vipande vya pembetatu vilivyokunjwa ambavyo havina kazi nyingine ila uzuri. Bila hivyo mfarishi huonekana uko uchi. Watu maskini wanaokataa kumaliza kazi bila pambo hawahitaji kutetewa na yeyote.

Wataalamu wamejaribu kuunganisha haya kwa damu. Robert Farris Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 1983, Flash of the Spirit, aliisikia midundo ya nguo za mistari za Afrika Magharibi ndani ya mifarishi ya Wamarekani weusi. Hoja hiyo ina mvuto, na ningependa iwe kweli kwa Wasiddi pia. Ila sioni kama tunaihitaji. Wanawake wa Bengali hushindilia sari kuukuu kwa bandi kuwa kantha. Wakulima wa kaskazini mwa Japani, ambako baridi haikuruhusu pamba kuota, walibandika viraka juu ya viraka vizazi kwa vizazi, nguo ikawa nzito kweli kweli. Hao hawakutoka Afrika. Uhaba ndio uliowafundisha wote kwamba kitambaa hakitupwi, na jicho la kila mmoja likamwambia kipi kikae kando ya kipi. Nikitaja hivyo siwapunguzii Wasiddi Uafrika wao. Nawapa sifa ya walichokibuni wenyewe msituni.

Sasa, je, sisi tulio na kasha tumepungukiwa? Kwa maoni yangu tumepungukiwa, na pengo ni katika kanga iliyochakaa. Ile mpya tunaijua kuitunza. Iliyochakaa inateremka daraja: kutoka kujifunga hadi mbeleko, kutoka mbeleko hadi ubinda wa mtoto, kisha kata ya kuwekea ndoo kichwani, mwisho dekio la jikoni. Safari hiyo ina heshima yake, kwani kanga imemhudumia mtu mpaka uzi wa mwisho. Lakini hapo ndipo tunapoipoteza. Kasha la marehemu likifunguliwa, zinazogombewa ni zile ambazo hakuwahi kuzivaa. Aliyobebea watoto wote haipo. Gee's Bend na Karnataka wametunza hasa kile tunachokitupa, na wanamjua mwenye nguo kuliko tunavyomjua kwa doti yake isiyokunjuliwa.

Sisemi tupasue doti mpya. Maneno yake yaachwe yaseme. Nasema turudishe sindano mahali ilipokuwa kabla kiwanda hakijatuondolea mshono. Kama mama yupo, fungua kasha naye. Muulize kila doti ilitoka kwa nani na mwaka gani, uandike kwenye daftari. Ile iliyochanika usiipeleke jikoni kwanza: kata pembe yenye pindo, kata kipande cha mji kisichotoboka, na kama jina bado linasomeka, likate lote bila kulipasua. Tandaza shuka kuukuu chini, anza konani, kunja ukingo kwa kidole, piga bandi. Cherehani haihitajiki, wala duka.