Uganda: Mtaalamu Aliyewapeleleza Mbu wa Misituni

Katika historia ya vita, majeshi mengi yamepoteza askari wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Hofu hiyo iliwapata watawala wa Kiingereza mwaka 1940, homa ya manjano ilipozuka katika Milima ya Nuba nchini Sudan na kuua watu zaidi ya 1,500, wakati Vita Kuu ya Pili ikiwa imekwisha kufika Afrika Mashariki. Wataalamu walijiuliza: je, ugonjwa huo hujificha wapi wakati ambapo hakuna mtu anayeugua?

Kituo cha kulichunguza swali hilo kilikuwapo tayari. Kilifunguliwa mwaka 1936 mjini Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kwa msaada wa Shirika la Rockefeller la Marekani. Mwaka 1942 alijiunga nacho Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu, aliyezaliwa Scotland mwaka 1912. Kabla ya hapo alikuwa amewachunguza mbu wa nyumba za wananchi huko Kisumu, Kenya.

Haddow alifanya kazi Bwamba, chini ya Milima ya Ruwenzori, mpakani na Kongo. Damu ya kima wa huko ilikuwa imeonyesha kwamba wengi wao walikwisha kuambukizwa homa ya manjano. Lakini mbu aliyesifika kwa kueneza ugonjwa huo, Aedes aegypti, ni mbu wa mijini, anayezaliana katika mitungi na mapipa. Kima hawaishi penye mapipa. Ilikuwa lazima yupo mbu mwingine.

Ili kumpata, majukwaa yalijengwa mitini kwa vimo mbalimbali. Vijana wa Bwamba waliketi humo kwa zamu, usiku na mchana, saa 24 mfululizo, wakinasa kila mbu aliyewatua, na saa ya kunaswa kwake ikaandikwa. Chambo kilikuwa miili yao wenyewe. Vitabu vimemtukuza Haddow, wala havikuwakumbuka sana vijana hao. Hata hivyo, bila ya uvumilivu wao hesabu ile isingalipatikana.

Hesabu hiyo ilifichua mengi. Mbu aitwaye Aedes africanus huuma hasa huko juu vileleni, mara baada ya jua kutua, saa ambayo kima wamekwisha kupanda kulala. Mchana kima hao hushuka kuiba ndizi mashambani. Huko hukutana na mbu wa pili, aliyeitwa wakati huo Aedes simpsoni, anayezaliana katika maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba. Mbu huyo humwuma kima, kisha humwuma mkulima. Ndiyo maana kusafisha miji peke yake hakuwezi kuing'oa homa ya manjano. Ngao ya mwanadamu ni chanjo, iliyopatikana mwaka 1937.

Upelelezi huo ulizaa jambo jingine ambalo halikutazamiwa. Mwezi Aprili 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kima mmoja aliyewekwa kizimbani juu ya mti kama mlinzi wa kutoa tahadhari alipatwa na homa. Damu yake ilikutwa na virusi visivyojulikana. Januari 1948 virusi hivyo vilipatikana pia katika mbu wa msitu ule ule. Haddow na wenzake, George Dick na Stuart Kitchen, walitangaza habari hizo mwaka 1952, na kwa miaka mingi ni wachache waliozijali. Mdharau mwiba mguu huota tende: mwaka 2015 ugonjwa wa Zika ulienea Brazil, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa dharura ya dunia nzima.

Haddow alikiongoza kituo cha Entebbe tangu mwaka 1953 hadi 1965. Kilikuwa mali ya Afrika Mashariki yote. Virusi vya chikungunya, vilivyowakunja viungo wananchi wa Newala mwaka 1952 na 1953, vilitambuliwa na wataalamu wa Entebbe. Mwaka 1959 ulipozuka Acholi ugonjwa wa o'nyong-nyong, ambao baadaye uliingia Kenya na Tanganyika, ni kituo hicho hicho kilichoutafiti na kuonyesha kwamba waenezaji wake ni mbu wa jamii ya wale waletao malaria.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Haddow alifariki mwaka uliofuata. Kituo hakikufa, Uganda ilikichukua na kukiendeleza, na mkataba wa kuunda jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999. Hilo ni jambo la maana kwa nchi zote jirani, kwani mbu haombi ruhusa mpakani. Askari anayelinda mpaka huo usiku, karibu na msitu, yumo katika njia ile ile waliyoigundua vijana wa Bwamba. Chanjo na chandarua ni sehemu ya silaha zake.