Mwili Unakumbuka: Habari za Mganga Clemens von Pirquet

Mwezi wa Aprili 1903 waganga wawili vijana wa mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, walipeleka barua kwenye Akademia ya Sayansi. Barua ilikuwa imefungwa kwa lakiri, wala hawakuomba ifunguliwe. Ndiyo ilikuwa desturi ya wataalamu: mtu mwenye wazo jipya ambalo bado hajalithibitisha huliandika na kuliweka amana, ili kesho asiambiwe kwamba ameiba la mwingine. Mkubwa wao aliitwa Clemens von Pirquet, naye alikuwa na miaka 28. Mwenzake, Béla Schick, alikuwa mtu wa Hungaria.

Mambo ya ndani ya barua ile yalihusu swali ambalo kila mama amejiuliza. Kwa nini mtoto akiambukizwa leo haugui leo? Mwenye surua hukaa siku 10 hivi bila homa. Wa ndui alikaa siku 12 au zaidi. Waganga wa siku zile walijibu kwamba mikrobi zinahitaji muda wa kuzaana mpaka ziwe jeshi. Pirquet akasema: hiyo ni nusu ya habari tu. Siku zile ni muda ambao mwili wenyewe unautumia kujitayarisha. Ugonjwa ni vita ya watu wawili, na wengine wote walikuwa wakimtazama adui peke yake.

Kabla ya kueleza alivyolijua jambo hilo, tuseme kidogo alikuwa nani. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1874 Hirschstetten, karibu na Vienna, katika ukoo wa kibaroni. Hakuanza na uganga. Alianza na teolojia huko Innsbruck, kisha akasoma filosofia Leuven, Ubelgiji, katika chuo kikuu kile kile ambacho mwaka 1954 kilizaa Lovanium karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Baadaye akaiacha njia hiyo akajifunza uganga, akawa daktari mwaka 1900. Akaingia kazi katika hospitali ya watoto ya Mtakatifu Anna mjini Vienna, chini ya Theodor Escherich, mtaalamu mkubwa wa mikrobi za tumboni.

Katika wodi za hospitali ile watoto walikuwa wakitibiwa kwa serumu ya farasi. Dawa hiyo ilitokana na kazi ya Emil von Behring na Mjapani Kitasato Shibasaburo ya mwaka 1890. Farasi hudungwa sumu ya dondakoo kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kitu cha kuishinda sumu ile, kisha maji ya damu yake hudungwa mtoto mgonjwa. Watoto waliokuwa wakikabwa koo wakapona. Ilikuwa neema kubwa, wala Pirquet hakuikana kamwe. Lakini aliona kwamba baadhi ya watoto, baada ya siku 7 mpaka 12 hivi, walipata homa nyingine, vipele vya kuwasha na viungo kuvimba. Tena mtoto aliyewahi kudungwa serumu zamani, akidungwa mara ya pili, mambo hayo hayakungoja juma zima. Yalimjia siku ile ile, au baada ya siku chache tu.

Hapo ndipo penye akili ya mtu huyu. Serumu ya farasi haina mikrobi hata moja. Haizaani wala haiongezeki. Basi kama nayo ina siku zake za kungojea, siku hizo si za mgeni. Ni za mwenye nyumba. Mwili unauona ugeni, unatengeneza silaha zake, ambazo leo tunaziita kingamwili, na silaha zikiwa tayari ndipo vita huanza na mtu huugua. Mara ya pili mwili unamkumbuka mgeni, nao huwahi kumkabili. Kinga na madhara hutoka katika ghala moja.

Wakati ule ule Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wameona jambo la kutisha zaidi. Mwaka 1901 walisafiri baharini katika meli ya Mwana wa Mfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, wakichunguza sumu za wanyama wa bahari. Waliporudi Ufaransa wakawadunga mbwa sumu kidogo wakitumaini kuwazoeza. Mbwa mmoja, jina lake Neptune, alivumilia vizuri. Majuma machache baadaye wakamdunga tena kidogo, akafa kabla ya nusu saa kwisha. Richet alipata tuzo la Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1913.

Pirquet aliona kwamba habari hizi zote ni ukoo mmoja: kinga ya aliyechanjwa, vipele vya serumu, kifo cha mbwa. Zilikosa jina tu. Mwaka 1906 akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja maana yake «nyingine», la pili maana yake «kazi», akapata neno alerji: mwili uliokutana na kitu hufanya kazi kwa namna nyingine kuliko zamani. Wenzake wengi walinung'unika kwamba neno halikuwa na faida. Leo hata wasiojua kusoma wanalitumia, ingawa limepunguzwa maana. Sisi tukisema alerji twafikiri mafua ya vumbi na ngozi kuwasha. Yeye alitaka neno libebe mema na mabaya pamoja, na kwa maoni yangu alikuwa na haki.

Mwaka 1907 akaligeuza wazo lake kuwa kipimo. Robert Koch, Mjerumani aliyetambua mikrobi ya kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa ametengeneza maji yaitwayo tuberkulini akidhani yataponya ugonjwa huo. Mwaka 1890 watu wakamkimbilia, lakini dawa haikuponya, tena wengine ilizidi kuwaumiza. Pirquet hakuitafuta dawa katika maji yale, bali shahidi. Aliweka matone mawili juu ya mkono wa mtoto akakwaruza ngozi kidogo penye kila tone. Katikati akakwaruza mara ya tatu bila tuberkulini, ili alinganishe. Mwili usiowahi kukutana na kifua kikuu hausemi kitu. Uliokwisha kukutana nacho huvimba na kuwa mwekundu kwenye ile mikwaruzo miwili, baada ya siku moja au mbili. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaibadili njia hiyo akidunga sindano ndani ya ngozi, na ndivyo inavyofanywa mpaka leo.

Majibu yaliwashtua waganga. Watoto wachanga wa Vienna walikuwa karibu wote safi, lakini kadiri miaka ilivyoongezeka, ndivyo mikono iliyovimba ilivyoongezeka, na kati ya watoto wakubwa wa maskini wa mji walikuwa wengi mno. Nao walikuwa wakicheza na kula vizuri! Mama ameambiwa kwamba mtoto wake ana mikrobi ya kifua kikuu mwilini, na mtoto huyo anaruka kamba uani. Ataamini nini?

Jibu lilikuja polepole sana. Mikrobi ile nayo inajua kuvumilia shida. Mwili ukiizingira, ikikosa hewa na chakula, haifi yote. Nyingine huacha kuzaana zikalala. Mmarekani Lawrence Wayne alilichunguza hilo miaka mingi katika chupa. Alionyesha kwamba mikrobi ya kifua kikuu ikikatiwa hewa ghafula, nyingi hufa. Lakini hewa ikipungua kidogo kidogo, huwahi kujigeuza na kukaa usingizini muda mrefu. Zikirudishiwa hewa, huamka. Dawa nyingi huua upesi mikrobi inayozaana, lakini iliyolala haishikwi kwa urahisi. Ndiyo sababu moja inayofanya mgonjwa wetu wa kifua kikuu ameze vidonge kwa kawaida miezi 6, hata kama kikohozi kimekwisha mwezi wa pili. Muuguzi anayemfuata nyumbani kwake hamchokozi. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa, na kwamba kati yao 5 mpaka 10 katika kila 100 wataugua siku moja. Kongo yetu ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi.

Pirquet alifundisha Baltimore huko Marekani, kisha Breslau, na mwaka 1911 akarudi Vienna kushika kiti cha Escherich. Vita ya 1914 mpaka 1918 ilipokwisha na watoto wa Austria walikuwa wakikonda kwa njaa, yeye ndiye aliyesimamia chakula kilichotoka Marekani, akihesabu mahitaji ya kila mtoto kwa kulinganisha na maziwa. Maelfu mengi walikula kwa mpango wake. Mwisho wake ni wa huzuni: Februari 1929 yeye na mke wake Maria walijiondolea uhai pamoja. Yaliyokuwa moyoni mwao anayajua Mungu.

Jambo moja lake limebaki, na kwetu lina uzito kuliko jina alerji. Mwaka 1908 aliandika kwamba mtoto aliyekuwa akivimba vizuri kwenye mkwaruzo, akipatwa na surua, mkono wake huacha kujibu kwa siku kadhaa. Kifua kikuu hakijatoka. Mwili umenyamaza tu. Waganga walilijua hilo kwa zaidi ya miaka 100 bila kuona kina chake. Mwaka 2019 wachunguzi walipima damu ya watoto wa Uholanzi kabla na baada ya surua, wakakuta kwamba ugonjwa ulikuwa umefuta sehemu ya kingamwili walizokuwa nazo, hata za magonjwa mengine kabisa. Mwaka huo huo surua ilikuwa ikienea mikoani mwetu, na kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Katika hesabu hiyo hawamo wale waliopona surua, kisha wakachukuliwa miezi michache baadaye na kuhara au na ugonjwa wa mapafu.

Kwa hiyo mtoto aliyetoka surua juzi akipimwa tuberkulini na ngozi ikakaa kimya, daktari mwenye uangalifu haandiki kwamba ni mzima. Anamtazama kifua, anauliza nani anakohoa nyumbani, kisha anamwambia mama amrudishe baada ya majuma kadhaa.