Sungura Alivyomwondoa Mbweha

Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha mjini London hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Mojawapo ni kisa cha punda wa dobi, ambamo papa anamwalika rafiki yake kima kwao, na katikati ya bahari anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao moyo huuacha mtini, na akirudishwa pwani hashuki tena. Kisa hiki kilikuja na jahazi: kimo katika Panchatantra ya India, kikapitia Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu, ndani ya Kalila na Dimna. Huko, anayemlaghai kima ni kobe, na anayetakiwa kuponywa ni mke wa kobe. Katika kisa cha ndani, ambacho kima anamsimulia rafiki yake baada ya kuokoka, cha punda aliyeuawa na simba, mwerevu ni mbweha. Zanzibar, mbweha ameondoka, na sungura ndiye anayemwendea punda kama mshenga, akimposa kwa niaba ya simba, kisha anamla moyo na masikio.

Wafuasi wa mwanasaikolojia Carl Jung watasema hakuna kilichobadilika, kwa kuwa mjanja ni taswira ya kale iliyomo katika nafsi ya kila binadamu, avae ngozi ya mbweha au ya sungura. Nakubali kwamba nafasi ya mjanja ipo karibu kila mahali. Lakini hadithi fupi haina muda wa kumweleza mhusika. Hutegemea yale ambayo msikilizaji anamjua tayari. Kwa msikilizaji ambaye, yeye au wazee wake, alitoka bara, na Zanzibar ya wakati ule ilijaa watu hao, wengi wakiwa wameletwa utumwani, sungura alikuwa na sifa zake kamili kabla msimulizi hajafungua kinywa: mdogo, mnyonge, anayewashinda wakubwa kwa akili. Mbweha wa vitabuni hakuwa na urithi huo masikioni mwao.

Yawezekana pia kudai kwamba msimulizi alitaja tu wanyama wa kwao. Dai hilo linakwama kwa kobe, maana kasa, yaani kobe wa baharini, wapo katika bahari ya Zanzibar, na bado akachaguliwa papa, mwenye meno. Tena mke mgonjwa hakukosekana Unguja. Kuweka sultani mahali pake, katika mji uliotawaliwa na masultani wa Busaidi, kulihamisha hatari kutoka nyumbani kwa rafiki hadi ikulu. Rafiki sasa anasaliti kwa sababu ametumwa na mtawala, na kima anayekataa kushuka mtini anamnyima mtawala huyo moyo wake.