Maumivu Yasiyo na Mlango

Malori ya kwenda Rwanda na Kongo hupita Runzewe usiku na mchana. Mji huu wa wilaya ya Bukombe ulikuwa Mkoa wa Shinyanga hadi Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ingawa kwa mchimbaji mdogo mpaka huo hauna maana kubwa. Leo yuko hapa, wiki ijayo yuko Kahama, anafuata habari za mwamba mpya. Hushuka duarani kwa kamba, na mara nyingi halipwi mshahara bali mgao wa mifuko ya mawe. Jiwe likimvunja mguu, wenzake humpakia kwenye pikipiki, na kila shimo la barabara ya vumbi yeye analihesabu.

Anayempokea kwa kawaida si daktari, ni tabibu. Atasafisha kidonda, ataufunga mguu kwa vibao, atampa parasetamo au sindano ya diklofenaki, kisha ataandika rufaa. Mfupa uliopasuka vipandevipande unahitaji dawa yenye nguvu zaidi. Dawa hiyo ipo duniani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, Friedrich Sertürner, mfamasia wa Ujerumani, alipoitenga kutoka kwenye utomvu wa afyuni na kuipa jina la mungu wa ndoto wa Wagiriki. Ni morfini. Kwa nini basi ichelewe namna hii kufika duarani?

Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961 ulisema mambo mawili: dawa hizi hazina budi kupatikana kwa ajili ya kutuliza maumivu, na lazima zidhibitiwe. Serikali nyingi zilishika neno la pili kwa nguvu kuliko la kwanza. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba, kati ya karibu tani 300 za dawa za jamii ya afyuni zinazosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu.

Afrika Mashariki morfini ya kunywa iliingia kupitia mlango wa wanaokufa. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akatumia mchanganyiko rahisi wa unga wa morfini na maji. Wagonjwa wake walikuwa wa saratani na UKIMWI. Dawa ilikuwepo, lakini wenye kalamu ya kuiandika walikuwa wachache, nao walikaa mijini. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni: wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kuliko ujio wa dawa yenyewe. Tanzania nayo ilijenga huduma hiyo kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali za makanisa kama Selian, Arusha.

Mwenye mguu uliovunjika hakuwamo katika hesabu hiyo. Hafi, kwa hiyo si wa huduma shufaa. Anayelipwa kwa mifuko hana mwajiri wa kumchangia, kwa hiyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015 kwa sheria ya 2008, haumfikii. Mwaka huohuo wa 2015, wachimbaji watano waliokolewa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Magazeti yaliandika sana walichokula huko chini. Habari zetu za migodi huisha mtu anapotoka shimoni.

Wenye hofu wana ushahidi wao, tena wa wachimbaji. Kuanzia 1996, kampuni ya Purdue Pharma iliuza OxyContin Marekani huku ikiwafundisha madaktari kwamba uraibu ni nadra. Katika vijiji vya makaa ya mawe vya West Virginia, watu walioumia kazini walipewa vidonge hivyo kwa miezi na miaka. Mwaka 2007 kampuni ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha. Madaktari wale hawakukosa mafunzo. Walifundishwa na muuzaji.

Kuna mafunzo ya aina nyingine. Mwaka 2010 Wayne Morriss wa New Zealand na Roger Goucke wa Australia walianzisha Papua New Guinea kozi ya siku moja kwa wahudumu wa afya, ambayo tangu hapo imefundishwa Afrika pia. Hatua zake ni tatu: tambua, pima, tibu. Kwa mguu uliovunjika maana yake ni dozi ndogo, kuangalia pumzi, kurudia kupima, na kujua siku ya kuacha.

Kupima huanza kwa swali: kutoka sifuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani? Mwanaapolo, kijana aliyezoea kutoonyesha udhaifu mbele ya wenzake, anageuza uso ukutani. "Kawaida tu, daktari," anasema, na shuka limelowa jasho.